Fundi Aliyebakiwa na Neno Moja

Mtaani kwetu palikuwa na fundi wa makoti ambaye, kabla ya maradhi, hakuna aliyemweza kwa maneno. Cherehani yake ikikata uzi, mdomo wake haukukata. Alikupima mabega huku akikusimulia kosa la kipa kwenye mechi ya Jumapili, tabia za mkwewe, na sababu halisi ya jirani yake kuhama. Ukitoka pale ulikuwa umechoka kama uliyelima. Lakini watu walirudi, kwa sababu koti lake lilikuwa koti.

Alikuwa na neno lake la kazi. Kwake yeye koti halikuwa la kuvaliwa tu, lilitakiwa kukaa. Alikusimamisha katikati ya chumba, akavuta kola, akapapasa mgongo, kisha akarudi nyuma na kufumba jicho moja. Akisema halijakaa, ulijua utarudi wiki ijayo. Akisema limekaa, ulitoka kifua mbele, hata kama uliingia na mashaka yako. Wateja wakampachika jina la Likae, naye akalipokea bila kinyongo. Mkewe tu ndiye aliyemwita Baba, kama alivyozoea tangu binti yao azaliwe.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlango mmoja ulitazama barabara, wa pili uliingia sebuleni. Meza ya kukatia ilijaza nusu ya chumba, cherehani ilikuwa chini ya dirisha, na ukutani kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, ufa ambao fundi alisema unasaidia wateja wasijipende kupita kiasi. Mkewe alikaa upande wa pili wa meza. Yeye ndiye aliyetia vifungo, akashona bitana na kukunja mapindo, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mumewe. Kukata, hapana. Mkasi mkubwa wa mumewe haukuguswa na mtu, hata kwa kukatia uzi.

Pasi nayo ilikuwa ya makaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko. Binti yao aliwahi kuleta ya umeme. Fundi alimshukuru sana, akaiweka juu ya kabati, na huko ikakaa.

Siku alipoanguka alikuwa na kazi kubwa. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imeleta kitambaa cha buluu ili wanamuziki wote washonewe makoti mapya, na fundi alikwishapiga bandi, ile mishono ya muda ya kushikizia, koti la kwanza, la kiongozi wao. Alitaniana na mkewe kwamba bendi haiwezi kupendeza bila bandi. Mkewe akaenda jikoni kuinjika chai. Akasikia kitu kizito kimeanguka, kisha kingine.

Alimkuta mumewe chini ya meza, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia umelala kama si wake. Pasi ilikuwa imefunguka na makaa yametapakaa sakafuni. Aliita jirani mwenye gari. Wakati jirani anambeba mgonjwa, mama yule alichota maji kwenye ndoo, akayamwaga juu ya makaa, ndipo akatoka.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na ulimi ukafa ganzi. Kwa siku za mwanzo fundi alilala akiwatazama watu kwa macho makali, yaliyojaa maneno, na hakuna lililotoka. Binti yao alichukua likizo kiwandani akaja na mtoto wake mdogo. Wakawa wanapokezana kando ya kitanda chake hospitalini, yeye na mama yake.

Asubuhi moja wote wawili walikuwa hapo. Mgonjwa akafungua mdomo.

"Kaa," akasema.

Moyo wa mkewe uliruka. Akavuta kiti haraka, akakaa, akainama asubiri litakalofuata. Mgonjwa akatikisa kichwa.

"Kaa."

Akasogeza kiti kikagusa kitanda. Sivyo. Binti akasema labda baba anataka wakae naye, wasiondoke, na mama akamhakikishia mumewe kwamba haendi popote. Sivyo pia, na sasa jicho la kushoto lilikuwa limemtoka kwa hasira. Ndipo mkono wake mzima ulipoinuka. Ukakunja ngumi kama ulioshika mpini, ukaanza kwenda mbele na kurudi nyuma juu ya shuka.

Mkewe akaelewa. "Kaa la pasi? Yote yalizimika, Baba. Niliyamwagia maji kabla hatujatoka. Na koti la watu halikuungua, liko mezani vilevile."

Fundi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu, akalala usingizi wa kwanza wa haki tangu aletwe. Kumbe muda wote ule alikuwa amelala pale akiiona nyumba yake ikiteketea.

Waliokuwa wodini walidhani maneno mengine yatafuata, kama bomba lililoziba linavyoanza kwa tone. Hayakufuata. Akitaka maji, kaa. Akiumwa mgongo, kaa. Mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mtulivu, aliwaeleza kwamba akili ya mgonjwa haikwenda popote. Njia ya kutolea maneno ndiyo iliyofunga, na neno moja, huenda lile alilolitumia sana maishani, limepata upenyo. Akawaambia wasimsemeshe kama mtoto mchanga. Wamuulize maswali ya ndiyo na hapana, na wamtazame mikono. Kama mengine yatarudi, yatarudi kwa wakati wake.

Mkewe alilipokea jambo hilo kwa namna iliyowashangaza wengi. Alisema kwamba ameishi na mtu huyu miaka mingi akiwa na maneno yote, na nusu yake hakuwa akiyasikiliza. Hili moja atalisikiliza.

Waliporudi nyumbani, kaka mkubwa wa fundi alifika. Alikuwa mtu mwema, mpole kwa moyo na mkubwa kwa sauti, na tangu utoto alizoea kumwamulia mdogo wake. Alikuwa amekwisha kufikiri kila kitu njiani. Cherehani itafutiwe mnunuzi, chumba cha mbele kipangishwe, na mgonjwa ahamie kwake, ambako kuna nafasi na hewa safi na wajukuu wa kumsukuma kiti. Shemeji naye akaribishwe, bila shaka. Akamgeukia mdogo wake, akaongeza sauti kama vile ugonjwa ulikuwa wa masikio.

"Utakaa kwangu, mdogo wangu. Sawa?"

"Kaa," fundi akasema.

Kaka akawatazama waliokuwepo kwa furaha. "Si mmesikia wenyewe? Amekubali."

Mke wa fundi aliweka kikombe chini. "Shemeji, hilo neno lina milango mingi. Usiingie wa kwanza unaouona." Akamgeukia mumewe, na hakupandisha sauti. "Baba, unakaa wapi?"

Fundi akajishika kwenye kiti akasimama. Mguu wa kulia haukutaka kwenda mbele, kwa hiyo akaugeuzia ukuta mgongo na kwenda upandeupande, mguu mzima ukitangulia na mwingine ukiburutwa kuufuata. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa mkewe aliwazuia kwa jicho. Akaupita mlango wa sebuleni, akaingia dukani, akaifikia cherehani. Akaketi kwenye stuli yake, akaweka mkono wa kushoto kwenye gurudumu na kulizungusha mpaka sindano ikaanza kupanda na kushuka.

"Kaa," akasema.

Kaka mkubwa alitazama sindano, akamtazama mdogo wake, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu aliyetambua kwamba amebisha hodi nyumba siyo. Lakini fundi hakuwa amemaliza naye. Alimwashiria asogee, akashika pindo la koti lake, lile la kununua dukani, akalivuta huku na huku, akageuza mabega ya kaka yake kuelekea kwenye kioo. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kaa," akasema tena, na safari hii hata mjukuu alielewa kwamba koti halijakaa.

Kaka akacheka mpaka akafuta macho. Akalivua. Siku ile alirudi kwake na shati tupu, na suala la kuuza cherehani halikutajwa tena na mtu yeyote katika ukoo.

Habari hazina miguu lakini hufika. Kiongozi wa bendi alikuja siku chache baadaye. Alikuwa mwembamba mwenye mashavu makubwa, mtaa mzima ukimwita Tarumbeta. Aliketi ukingoni mwa kiti, akatoa pole kwa heshima, kisha akasema kwa kuzunguka sana kwamba amepata fundi mwingine na amefuata kitambaa.

Mke wa fundi alimjibu kuwa kitambaa kipo na ni chake, lakini kwanza alivae koti lililopigwa bandi. Tarumbeta hakuweza kukataa. Alipolivaa, fundi aliinua mkono mmoja mdomoni kama mpiga tarumbeta, akimwonyesha afanye hivyo. Tarumbeta akainua mikono. Koti zima likapanda naye, kola ikamfikia masikioni.

Fundi akatikisa kichwa, akaokota chaki kwa mkono wa kushoto na kuchora kwapani mstari uliopinda kama njia ya mlevi. Mkewe akautazama, akasema ameelewa, na akamwomba Tarumbeta awape muda mpaka mwisho wa mwezi. Alisema hivyo kwa uhakika kiasi kwamba yule bwana alijikuta nje, barabarani, bila kitambaa chake.

Kumbe hakuwa ameelewa. Yeye alidhani mumewe anataka tundu la mkono lipanuliwe, maana mtu anayeinua mikono siku nzima si anahitaji nafasi? Kwa mara ya kwanza maishani akachukua mkasi mkubwa. Fundi alimwona akiushika na hakusema kitu, na huenda ruhusa ile ilimtia mama kichwa kikubwa. Akakata. Walipomvalisha binti yao lile koti na kumwambia ainue mikono, lilipanda kuliko mwanzo, na sasa mikono nayo ilining'inia kama masikio ya tembo.

"Kaa," fundi akasema. "Kaa, kaa, kaa."

Alikuwa akipiga meza kwa kiganja. Mkewe alikuwa na usingizi wa wiki nzima machoni, mgongo ukimuuma kwa kumnyanyua mtu mzima kitandani kila asubuhi, na kipande cha kitambaa cha watu kilikuwa kimeharibika mbele yake.

"Kaa nini?" akasema. "Niambie basi. Nikae, nisikae, liungue, lizime? Umekuwa saa mbovu, Baba, unagonga saa moja kutwa nzima."

Mkono wa fundi ukatulia mezani. Akageuza uso dirishani. Mkewe alijutia maneno yake kabla hayajafika chini, lakini maji yalikwisha kumwagika. Siku ile fundi hakulisema neno lake hata mara moja. Akitaka kitu, alikiacha. Hata kesho yake alikuwa amefunga mdomo, anaketi chumbani na pazia limeshushwa, na aliposikia hatua za mteja alijivuta kando asionekane kupitia mlango wazi. Ndipo mkewe alipogundua jambo ambalo shughuli zilimficha, kwamba mumewe hakuwa ametoka nje ya nyumba tangu arudi kutoka hospitali. Yule aliyekuwa akisalimiana na kila mpita njia alikuwa anaona haya.

Aliyemtoa ni mjukuu. Alikuwa mtoto wa kuanza shule ya chekechea, na huko alikuwa amejifunza kuhusu wanyama. Jioni fundi alilazimika kutoka chumbani kwenda kuoga, mgongo ukutani, mguu ukifuata mguu. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni dukani na vipande vyake vya nguo. Akamwangalia babu akipita mlangoni, macho yakamng'aa.

"Bibi, ona. Babu anatembea kama kaa."

Binti akashika mdomo wake. Mkewe akasimama na sindano hewani. Hakuna aliyejua pa kutazama. Fundi alisimama pale ukutani, akamtazama mtoto, na ilionekana analipindua lile neno kichwani, neno lake mwenyewe, alilolisema asubuhi na jioni bila kuliona kwa upande huu. Mabega yakaanza kumtikisika. Walidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kikubwa cha zamani, ambacho kiharusi hakikukigusa hata kidogo.

Akainua mkono wa kushoto, akatenganisha vidole viwili, akavifungua na kuvifunga kama gando.

"Kaa," akamwambia mjukuu, na akaanza kumfukuza.

Mtoto akapiga kelele za furaha akizunguka meza, na babu naye upandeupande nyuma yake, akigonga viti. Alimbana kwenye kona ya kabati. Gando likampata chini ya mkono, juu kabisa kwapani, akamtekenya mpaka mtoto akakosa pumzi. Kisha vidole vikatulia palepale. Fundi akageuka akamtazama mkewe. Kwa ule mkono mmoja aliinua mkono wa mtoto juu, akaushusha, akauinua tena, kisha akarudisha vidole viwili mahali pale, kwapani kabisa, pasipobaki nafasi ya kupita hata unyasi.

"Kaa," akasema taratibu.

Mkewe akaja akapiga magoti mbele ya mtoto, akaweka vidole vyake pale vya mumewe vilipokuwa. Kila mkono wa mtoto ulipoinuka, gauni lake, ambalo lilikuwa la kubana kwapani, lilibaki limetulia kiunoni. Alikuwa amefikiri kinyume. Tundu likiwa kubwa, mkono hunyanyua koti zima. Likiwa dogo na likipanda juu mpaka kwapani, mkono hujiendea wenyewe na koti likabaki mahali pake.

"Mshono unakaa hapa juu," akasema. "Mimi niliushusha, wewe ulitaka nipandishe."

Fundi akambusu kwenye paji la uso mbele ya binti yao, jambo ambalo halikuwa mazoea ya nyumba ile.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Kipande kilichoharibika kilipata kitambaa cha kuzibia kwenye mabaki, na mikono mipya ikakatwa. Mke alikata, mume akasimamia. Mke akaanza kuzitofautisha kaa za mumewe: ile ya kukatika ghafla ilikuwa simamisha mkasi, ile ya kuvuta ilikuwa endelea hivyohivyo, na ile ya puani ilikuwa hii kazi ya kulipua, fumua. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema, lakini mama huyu aliambiwa, na kwa neno lilelile, mpaka akajua. Naye fundi alijifunza kufumua mishono kwa mkono mmoja, kitambaa kimebanwa kwa kiwiko kilicholala, na akawa hodari kweli.

Siku ya kujaribisha makoti, bendi iliomba yapelekwe kwenye ukumbi wao wa mazoezi, mtaa wa pili. Binti alitaka kutafuta gari. Fundi akakataa kwa kichwa. Alivaa koti lake la kijivu, akatoka mlango wa barabarani, akashika njia upandeupande. Mjukuu alitangulia naye akienda vilevile, mgongo umepindishwa kama wa babu, na watu waliokuwa vibarazani wakasimama kumsalimu. Fundi aliwajibu wote kwa mkono. Wengine walimwita kwa jina lake la zamani, naye akawajibu kaa, na ikawa salamu nzuri tu.

Ukumbini wanamuziki walivaa, wakapanga mistari, wakainua ala. Tarumbeta akahesabu, wimbo ukaanza. Mikono ilipanda na kushuka, mashavu yakavimba, na migongo ya buluu ikabaki imetulia. Fundi alipita katikati yao, akigusa kola hapa, bega pale. Muziki ulipokwisha, Tarumbeta akamuuliza anaonaje.

Fundi alinyoosha mkono kuelekea kwa mkewe, akarudi nyuma, akampisha.

Mama yule alikuwa amesimama karibu na mlango na kikapu cha pini. Kwa muda hakuelewa anatakiwa nini. Kisha akaja mbele, akawatazama wote kutoka mwisho mmoja wa mstari hadi mwingine, na jicho lake moja likafumba lenyewe.

"Yamekaa," akasema. "Isipokuwa la huyu wa ngoma. Avue, nitalifumua bega."

Mpiga ngoma akavua bila ubishi. Toka siku hiyo wateja walianza kusema wanakwenda kwa mafundi, si kwa fundi. Wanawake wa mtaa, ambao zamani walileta makoti ya waume zao tu, wakaanza kuleta ya kwao. Kaka mkubwa alipata koti lake likiwa limerekebishwa, akalivaa hata siku za joto.

Mwaka ulikaribia kwisha fundi alipopata neno la pili. Alikuwa peke yake dukani akifumua pindo, mkewe yuko uani anaanika nguo. Akaingia mteja mmoja, mtu wa haraka haraka, aliyekuwa ameleta suruali ipunguzwe kiuno. Akauliza bila hata kukaribishwa kama iko tayari.

"Bado," fundi akasema.

Mteja akaguna kwamba hii ni mara ya ngapi sasa, akageuka zake. Hakujua kabisa kilichotokea. Lakini uani beseni lilianguka, na mama akaingia mbio, mikono inachuruzika maji.

"Umesemaje, Baba?"

Fundi mwenyewe alikuwa ameduwaa, sindano mkononi. Akajaribu tena, kwa woga kidogo. "Bado."

Mama akatoka mlango wa mbele bila viatu, akamkimbilia yule mteja barabarani, akamshika mkono na kumwomba tafadhali arudi aulizie suruali yake tena. Mteja alirudi akidhani amechanganyikiwa huyu mama, au labda suruali imeonekana. Akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa.

"Fundi, suruali yangu tayari?"

Fundi akakaa vizuri kwenye stuli, akaweka kazi mapajani, akamtazama machoni.

"Bado," akasema, safi kabisa, huku mkewe akilia na kucheka nyuma yake, na mteja akaondoka akiwaambia majirani kwamba mafundi wote ni walewale.